Uhabeshi kwa Mabegi Mawili: Wiki ya Kwanza ya Mume na Mke

Wanazuoni wametufundisha kuwa neno safari, kwa Kiarabu safar, lina asili moja na neno lenye maana ya kufichua, kwa kuwa safari hufichua tabia za watu. Imepokewa pia kuwa Sayyidna Umar (RA) aliposikia mtu akimsifu mwenzake, alimuuliza kama amewahi kusafiri naye. Maneno hayo tunayataja sana tunapozungumzia marafiki na washirika wa biashara, na ni nadra kuyataja kwa mume na mke. Wengi wetu huoana, hukaa nyumba moja na wazazi, wadogo zetu na watoto, na miaka hupita bila wawili hao kupata siku saba za peke yao.

Nasi tulikuwa hivyo. Kwa miaka minne mke wangu alimuuguza mama yangu mzazi, aliyepooza upande mmoja, hadi Allah (SWT) alipomchukua. Baada ya msiba, wazee wa pande zote mbili walitushauri tutoke tukapumzike, na watoto wakabaki kwa bibi yao. Akiba yetu haikutosha hoteli kubwa wala wakala wa safari. Ilitosha mabegi mawili ya mgongoni, nauli, na vyumba vya wageni vya bei nafuu. Tukachagua Uhabeshi, yaani Ethiopia ya leo.

Kulikuwa na sababu. Mwaka wa tano wa Utume, sawa na mwaka 615 Miladia, Mtume (SAW) aliwaelekeza baadhi ya Masahaba wake waliokuwa wakiteswa Makka wahamie nchi hiyo, kwa mfalme Najashi aliyejulikana kwa uadilifu. Miongoni mwa waliotangulia walikuwemo Uthman bin Affan (RA) na mkewe Ruqayya (RA), binti wa Mtume. Basi katika msafara wa kwanza wa Hijra walikuwemo mume na mke, waliokwenda kwa watu wasiowajua, na lugha ya huko haikuwa lugha yao.

Addis Ababa imejengwa katika mwinuko wa zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Aliyezoea hewa ya pwani huutambua urefu huo mara moja. Siku ya kwanza mke wangu aliumwa kichwa, na ngazi chache tu zilimkatisha pumzi. Mama mwenye nyumba tuliyofikia, Muislamu wa makamo, hakujua Kiswahili wala Kiingereza. Alimwekea mkeka, akampa maji, kisha akaketi kando yake akikaanga kahawa mbichi juu ya makaa. Kahawa wao huiita buna, nasi punje zake tunaziita buni. Kwa neno hilo moja wanawake wawili wakaanza kuelewana. Kahawa ya huko hunywewa vikombe vitatu kutoka birika moja, na cha tatu huitwa baraka. Mgeni anayeondoka kabla ya hicho huonekana ana haraka isiyo na adabu. Siku ya pili kichwa kilikuwa kimetulia, alhamdulillah.

Jambo la pili lililotufariji ni saa. Wahabeshi huhesabu saa kama sisi: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, na saa moja baadaye ni saa moja asubuhi. Wageni kutoka Ulaya huchanganyikiwa na kuachwa na mabasi, lakini sisi tuliambiwa saa ya basi tukaifuata vile vile. Kalenda ndiyo ngeni kwetu. Ina miezi 13, na hesabu yake ya miaka iko nyuma ya Miladia kwa miaka saba au minane. Qibla nacho hakikutusumbua, kwa kuwa kinaelekea upande wa kaskazini, kama tulivyozoea nyumbani.

Kuhusu chakula, familia ya Kiislamu haina sababu ya kuhofu, ila iulize. Nchini humo Waislamu na Wakristo wa Orthodoksi kila mmoja ana mabucha yake, na kwa kawaida hawali machinjo ya wenzao, kwa hiyo swali la nani amechinja halimkasirishi mtu. Aidha, Wakristo hao hufunga kula nyama, maziwa na mayai siku nyingi za mwaka, zikiwemo Jumatano na Ijumaa nyingi. Siku hizo migahawa hupika dengu, kunde na mboga juu ya injera, mkate laini mfano wa chapati pana, wenye uchachu, unaotokana na nafaka iitwayo tefu. Pale tuliposhindwa kupata mgahawa wa Muislamu, chakula cha mfungo wa jirani kilitustiri.

Swala tuliziswali kwa kupunguza. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, msafiri anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hupoteza ruhusa hiyo. Tulipanga vituo vyetu tukilijua hilo: siku chache Addis Ababa, usiku mmoja Dire Dawa, kisha Harar. Kabla ya kupanda basi tuliwauliza wenyeji hali ya usalama wa barabara, jambo ambalo msafiri wa nchi hiyo asilipuuze.

Harar ni mji mkongwe wa Waislamu uliozungukwa na ukuta, wenye malango matano ya kihistoria. UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na katika maelezo yake imetaja misikiti 82, mitatu ikiwa ya karne ya 10. Ukuta wenyewe unanasibishwa na Amiri Nur bin Mujahid wa karne ya 16. Wapo wanaouita mji mtakatifu wa nne wa Uislamu. Kauli hiyo ni ya mapenzi ya watu kwa mji wao, kwani misikiti inayofungiwa safari kwa ajili ya fadhila yake ni mitatu tu, kama tulivyofundishwa. Sisi tulikwenda kuona, kujifunza na kuwaombea waliotangulia.

Tulilala katika nyumba ya asili ya Kiharari. Sebule ina majukwaa ya viwango tofauti ya kukalia, na kuta zimejaa vikapu vya rangi vilivyosukwa na wanawake wa nyumba. Nje ya ukuta, usiku, kuna watu hulisha fisi kwa mikono yao. Mke wangu alitazama kwa mbali, akasema fisi wa kwetu hawana mkataba huo.

Usiku ule ndipo safari ilipofanya kazi yake. Tukiwa juu ya jukwaa, bila mgonjwa wa kugeuzwa wala simu ya kamati, aliniambia kuwa katika miaka minne ile hakuwahi kulala usiku mzima. Hakulalamika. Alisema alimpenda mama, na malipo yake anayatarajia kwa Mola. Kisha akataja masomo ya ualimu aliyoyaacha mwaka wa pili, na akauliza kama umri wake bado unaruhusu kurejea. Nilimjibu kuwa hela iliyobaki katika akiba ni ada yake ya muhula wa kwanza, na siku ya masomo kazi za jioni nyumbani ni zangu. Alinyamaza muda mrefu. Asubuhi nilimkuta anaandika hesabu ya ada nyuma ya tiketi ya basi.

Ndugu msomaji, si lazima iwe Uhabeshi. Inaweza kuwa Kondoa, Lamu au kisiwa cha jirani. Mke ashike mfuko wa fedha na mume abebe begi zito, au kinyume chake, ila mshauriane kila asubuhi. Waachieni watoto watu mnaowaamini, na simu izimwe baada ya Isha. Pia msiusubiri msiba uwakumbushe. Katika nyumba zetu wapo wanawake wengi wanaouguza wazee wetu kwa subira, nao wana jambo la kusema ambalo bado halijapata usiku wake.

Allah (SWT) awarehemu wazazi wetu, awalipe wanaowahudumia, na azifanye safari zetu kuwa za heri. Amin.