Nilitaka Kumwekea Staa Linux, Nusura Nimpotezee Albamu

Wadau, leo umbea ni wangu mwenyewe. Kuna msanii mmoja hapa Kigoma mjini (sio huyo mnayemfikiria, huyo hana hata laptopu) alikuja geto kwangu Mwanga analalamika mashine yake imekuwa nzito kama gunia la chumvi ya Uvinza. Ram 4, Windows 11. Mimi na mdomo wangu: "Broo niachie, nakuwekea Linux Mint, ni bure na ni nyepesi."

Yangu niliiweka Mint mwenyewe, ila ni ya zamani. Yake mpya. Fleshi ikiwa tayari, nikaingia kwenye setingi za kuwashia, nikazima Secure Boot, nikabadili na vingine nilivyoona vinanizuia. Mint ikawaka safi kwenye fleshi. Kufungua diski ninakili nyimbo zake kwanza, imefungwa. Narudi Windows, skrini ya bluu ya BitLocker inataka ufunguo wa namba 48.

Jasho lilinitoka bana. Nyimbo zote za albamu zilikuwa humo humo, hana kopi popote. Nikarudisha setingi nilizozikumbuka, wapi.

Kumbe laptopu nyingi za siku hizi zinajifunga diski kimyakimya ukiingia na akaunti ya Microsoft, na ufunguo unakaa kwenye akaunti hiyo. Sasa ya nani? Fundi aliyemuuzia ndiye aliyeiwasha mara ya kwanza, kwa imeili yake yeye!

Kumpigia, yuko Kibirizi anasubiri boti ya Kagunga. Akiondoka pale, mtandao ni bahati. Nywila akaikumbuka mara ya tatu. Akaanza kunisomea namba sita sita, mafungu nane, injini zinanguruma, wauza migebuka wanapiga kelele. Fungu la tano likakataa. Nikampigia tena, boti ishaanza kusogea: ni 8, mimi niliandika 3.

Ikafunguka. Sikugusa kitu mpaka nyimbo zimeingia kwenye fleshi mbili.

Na Linux? Sikuiweka. Biti zake anatengenezea FL Studio, na hiyo haina toleo la Linux. Ningemuuliza hilo mwanzo tusingefika huko. Nilimpunguzia tu programu zinazojiwasha zenyewe, nikamfungulia akaunti yake, na ufunguo nikamwandikia kwenye daftari.

Muda wote huo staa alikuwa kalala kwenye kochi langu. Alipoamka akasema mashine imekuwa nyepesi, akaninunulia soda. Broo, kama unasoma hapa, samahani.