Wenyeji wa Kilosa ni Akina Nani?

Mgeni afikapo Kilosa hupenda kuuliza wenyeji wa mji huu ni kabila gani. Swali hilo ni jepesi ukiliuliza Songea. Hapa kwetu si jepesi hata kidogo. Nami nimeona vema kuliandikia machache, maana mwaka huu limeingia hata nyumbani kwetu.

Hapo kale bonde la Mto Mkondoa lilikuwa la Wasagara na Wakaguru, na Wavidunda walikaa milimani upande wa kusini. Misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita bonde hili. Stanley naye alipita mwaka 1871, alipokuwa akimtafuta Livingstone. Mwaka 1884 Karl Peters alifika Msowero kwa Mangungo akamtilisha alama katika karatasi ambayo lugha yake Mangungo hakuijua, na kwa karatasi hiyo Wadachi wakadai nchi. Wanafunzi wengi huikariri habari hii kwa ajili ya mtihani wakidhani Msowero ni mahali pa mbali. Si mbali. Ni katika wilaya yetu hii hii.

Kisha ikaja reli. Ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita hapa, na mwaka 1914 ikawa imefika Kigoma. Vita vilipokuja, majeshi ya upande wa Waingereza yaliitwaa Kilosa Agosti 1916. Lakini si vita vilivyoubadili mji wetu sana, ni mkonge. Mashamba yalienea Kimamba, Rudewa na Msowero, mengine ya Wagiriki, na Wahindi wakafungua maduka karibu na stesheni. Mkonge unataka mikono mingi, na Wasagara walikuwa na mashamba yao wenyewe. Hawakuona sababu ya kuchomwa miiba kwa faida ya mtu mwingine. Basi watu wakaletwa kutoka mbali: Wangoni, Wabena, Wanyamwezi, Wamakonde na wengineo. Kila mmoja alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Mtu alipewa kipande cha siku thelathini za kazi, na kila siku aliyoimaliza ilitiwa alama. Siku isiyokamilika haikuhesabiwa.

Baba yake babu alikuwa mmoja wao. Alitoka Songea kwa mkataba, akasema atarudi akipata fedha ya ng'ombe. Hakurudi. Babu yangu alizaliwa kambini mwaka 1952, akajifunza Kiswahili kabla ya Kingoni, akaoa binti wa Kisagara ambaye ndiye bibi yangu. Hapa, msomaji, usichoke kunifuata. Wasagara huhesabu ukoo kwa mama, kwa hiyo kwao baba yangu ni Msagara. Wangoni huhesabu kwa baba, kwa hiyo kwao baba ni Mngoni. Mama yangu ni Mnyamwezi, amekulia Mikumi. Basi mimi kwa Wasagara si wao. Kwa Wangoni ni wao, ila Songea sijapata kufika. Na kwa Wanyamwezi ni mtani tu. Nikijaza fomu yenye nafasi ya kabila, kalamu yangu husimama.

Mikumi ni namna nyingine. Jina lake latokana na miti ya mikumi, jamii ya minazi ya porini. Hifadhi ya wanyama ilianzishwa mwaka 1964, lakini mji wenyewe ni mtoto wa barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia. Mjomba wangu huuza chai na chapati kwa madereva wa malori. Huniambia kwamba Mikumi hakuna anayekuuliza kwenu ni wapi. Wanauliza chai ipo?

Kilosa twaulizwa, na nadhani sababu ni ardhi. Katikati ya miaka ya 1960 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Kisha kamba za nailoni zikaushusha bei, na mwaka 1967 mashamba mengi yakatwaliwa na serikali. Baadaye mengi yakawa pori. Wagiriki wakaondoka. Wahindi wengi nao wakaondoka, hasa baada ya majumba ya kupangisha kutwaliwa mwaka 1971. Manamba wakabaki, wakapanda mahindi kati ya mistari ya mkonge iliyokufa. Wafugaji wa Kiparakuyo na Kimaasai wakazidi kuja na ng'ombe wao. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, wakulima zaidi ya thelathini waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Tangu hapo hakuna mtu mzima hapa anayelitaja neno "mgeni" kwa mzaha.

Na watu waongezeka. Wilaya ilikuwa na watu 438,175 mwaka 2012, na mwaka 2022 walipita 600,000. Mafuriko ya mwisho wa 2009 yaliwatoa maelfu majumbani mwao na kuikata reli, lakini watu hawakuuhama mji. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya kwenda Dodoma inasimama hapa, na bei ya viwanja imeanza kupanda kama maji ya Mkondoa.

Sasa nisemeje ya nyumbani. Shamba moja la zamani la mkonge litagawiwa wanakijiji, na babu analima humo ekari tatu tangu kabla baba hajaoa. Katika mkutano mtu mmoja alisimama akataka wenyeji waandikwe kwanza, na watu wa kuja wangoje. Bibi alinong'ona kwamba jina lake liandikwe, maana yeye ni Msagara na hakuna wa kumpinga. Babu alikataa. Alisimama kwa fimbo yake akasema, "Baba yangu amezikwa nyuma ya kambi ile. Mnayetaka kunionyesha kwetu, twende kwanza mkanionyeshe kaburi jingine." Watu walinyamaza. Mwenyekiti aliandika jina lake, lakini kwa penseli, nami niliona.

Orodha bado haijabandikwa. Bibi amekwisha tayarisha mbegu.