Matumizi Mengineyo

Mkutano mkuu wa tawi ukiitishwa Ijumaa saa nane mchana, wiki ya mitihani, ujue walioitisha hawataki watu waje. Hilo nililitambua mapema katika kazi yangu ya ualimu wa chuo kikuu, na sehemu kubwa ya muda niliokuwa katibu wa tawi niliitumia kupigania mambo ambayo wengi waliyaona madogo: mkutano uitishwe lini, ajenda ibandikwe wapi, akidi ni watu wangapi, daftari la mahudhurio analishika nani. Somo langu lilikuwa takwimu. Wanafunzi wananikumbuka kwa majedwali, wenzangu wa kazini wananikumbuka kwa kunyoosha mkono na kusema, "Mwenyekiti, taarifa."

Kwetu ni Uwemba, mkoani Njombe. Ukitoka Dar es Salaam unafika kwanza Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA inapopita, kisha unashika njia ya Njombe mpaka uione misheni ya Wabenedikto na mashamba ya viazi yaliyoizunguka. Baba yangu alifanya kazi kwenye mashamba ya miwati, Kibena. Wakati wake chama cha wafanyakazi kilikuwa kimoja tu nchini, NUTA, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1964 baada ya TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, kuvunjwa. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais, na wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa papo hapo Waziri wa Kazi. Yaani aliyepaswa kuwatetea wafanyakazi mbele ya Serikali alikuwa yeye mwenyewe Serikali. Baba alikatwa ada kila mwezi na hakuwahi kupiga kura ya kumchagua katibu mkuu, kwa kuwa sheria haikumpa kura hiyo.

Sisemi zama zile hazikumletea kitu. Mwaka huohuo wa 1964 ulileta mfuko wa akiba ya wafanyakazi, NPF, na sheria ya usalama wa ajira iliyompunguzia mwajiri uwezo wa kumfukuza mtu kwa hasira ya asubuhi. Baba aliyathamini mambo hayo na aliyasema. Lakini alikuwa akiongeza, kwa sauti ileile ya utulivu, kwamba chama ni cha wakubwa. NUTA ikaja kuwa JUWATA, moja ya jumuiya za CCM. JUWATA ikawa OTTU mwaka 1991. Na sheria ya mwaka 1998, iliyoanza kutumika 2000, ndiyo iliyofungua mlango wa vyama huru vya kisekta. Kwa mzee wa Kibena majina yalibadilika, makato yakaendelea.

Nilianza kufundisha nikiwa msaidizi mdogo wakati Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii lilipopitishwa, Aprili 1990. Jumuiya za wanataaluma wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na za vyuo vingine vya elimu ya juu ndizo zilizoliandaa, UDASA ikiwa mojawapo, na Novemba mwaka huohuo likafuatwa na Azimio la Kampala lililokusanya wasomi wa Afrika nzima. Nakala yangu ilikuwa ya kurudufu, wino umefifia pembezoni. Nililisoma nikavutiwa zaidi na ile sehemu ya wajibu. Watu hupenda kunukuu uhuru; wajibu huachwa kurasa za nyuma.

UDASA ni jumuiya, si chama cha wafanyakazi, na tofauti hiyo ina uzito. Jumuiya inaweza kujaza Ukumbi wa Nkrumah kwa mjadala wa Katiba ya nchi, na imefanya hivyo vizuri. Kusaini mkataba wa hali bora na mwajiri ni kazi ya chama kilichosajiliwa, na kwa vyuo vikuu vyetu vyama vinavyojulikana ni RAAWU na THTU. Jirani zetu wa Kenya waliipata haki hiyo kwa taabu: wahadhiri waligoma mwaka 1993 wakidai chama chao, UASU, kisajiliwe, mgomo ukaingia 1994, baadhi wakapoteza kazi na nyumba, na usajili ukaja 2003. Nilipowasikia wenzetu wa Nairobi wakisimulia miaka ile, niliona haya kwa jinsi sisi tuliopewa haki kwa sheria tulivyokuwa tukiiacha mikononi mwa watu watano au sita.

Chuo nilichofundisha miaka mingi sitakitaja, wala chama chenyewe. Mambo ninayoyasimulia yapo katika matawi mengi.

Mwaka niliochaguliwa kuwa katibu, mweka hazina alisoma taarifa ya fedha kwa kasi ya mtangazaji wa mpira. Ilikuwa ukurasa mmoja, na ukurasa huo alikuwa nao yeye peke yake. Nilisimama nikaomba nakala zitolewe kabla ya kujadili. Minong'ono ikaanza. Profesa mmoja, mtu mzima ninayemheshimu hadi leo, akaniambia, "Mama, utatuabisha mbele ya mwajiri." Nikamjibu kwamba mwajiri hayumo ukumbini, waliomo ni wenye fedha. Nakala zikaletwa baada ya nusu saa, na hapo kila mtu akaona mstari wa tatu kutoka chini: matumizi mengineyo. Kiasi chake kilizidi fungu zima la elimu kwa wanachama.

Mkutano uliteua watu watatu wapitie risiti. Tulikabidhiwa bahasha ya kaki iliyochanika pembeni. Tukaimwaga mezani: risiti za mashada ya maua, nauli ya basi la kwenda msibani Mbeya, soda, kodi ya turubai, karatasi iliyoandikwa kwa kalamu "rambirambi, Mzee wa Maktaba" bila sahihi. Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa imekwenda kuzika watu. Nani angepinga kumzika mtu? Lakini katiba ya chama haikuwa na fungu hilo, hakuna kikao kilichopitisha, na wapo wanachama waliofiwa ambao hawakupewa hata shada kwa sababu hawakuwa karibu na viongozi. Kiasi kilichobaki hakikuwa na karatasi yoyote, na hatukupata maelezo. Viongozi wale hawakugombea tena. Tuliunda mfuko wa rambirambi wenye akaunti yake na kiwango kimoja kwa wote, profesa na mwalimu msaidizi.

Kazi hii haikuhitaji ushujaa, ilihitaji kusoma tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inavitaka vyama viweke vitabu vya hesabu, vikaguliwe kila mwaka, na wanachama wapate nafasi ya kuviona. Inaruhusu pia ada ya uwakala: chama chenye wanachama wengi kuliko nusu ya wafanyakazi wa eneo husika kikitambuliwa na kukubaliana na mwajiri, hata asiye mwanachama anakatwa, kwa kuwa naye anafaidi mkataba. Fedha hiyo sharti ikae kwenye akaunti ya peke yake, isizidi ada ya mwanachama, na isiende kwenye chama cha siasa. Nilipouliza ada ya uwakala ya tawi letu inakaa akaunti gani, jibu lilichelewa kuliko malimbikizo yetu ya mishahara. Hapo niliwaelewa vijana waliokuwa wakija ofisini kwangu kuomba fomu ya TUF 15, ya kujitoa. Niliwapa, kwa kuwa ni haki yao. Ila niliwaomba wakae kwanza, niwaonyeshe katiba, na nilifurahi sana kila mmoja wao alipoikunja ile fomu na kuuliza mkutano ujao ni lini.

Jambo lililonisumbua zaidi ya fedha ni kura. Chuoni bosi na mtumishi ni wanachama wa chama kimoja. Mkuu wa idara ndiye anayeandika maoni kwenye maombi yako ya kupanda cheo, ndiye anayekupangia vipindi, na kwenye mkutano wa tawi amekaa kiti cha mbele. Sheria inawazuia wa menejimenti ya juu kabisa kuwa katika chama cha walio chini yao, lakini wakuu wa idara tulikuwa nao, na kwa haki kabisa, maana nao ni wahadhiri. Katika hali hiyo, kura ya kunyoosha mikono ni mtihani wa woga. Niliona walimu wasaidizi wakitazama kwanza upande mmoja kabla mkono haujapanda.

Tulibadili. Uchaguzi wa kwanza wa kura ya siri tuliufanya kwa boksi la rimu za karatasi, tumelifunga kwa selotepu pande zote na kutoboa juu kwa wembe. Orodha ya wanachama tuliilinganisha na orodha ya makato, jina kwa jina, usiku kucha, mimi na kijana wa idara ya sheria. Kura zikahesabiwa ubaoni, mistari minne na wa tano kuikata, kila karatasi ikiinuliwa juu watu waione. Aliyeshinda uenyekiti alikuwa mhadhiri wa kike ambaye, kwa mikono, asingepata robo. Aliposhukuru hakutoa hotuba. Aliomba tarehe ya mkutano unaofuata iandikwe palepale.

Halafu kikaja kikokotoo cha mafao ya kustaafu. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF, na kanuni mpya zikaweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 25 ya mafao ya mstaafu. Desemba mwaka huo Rais Magufuli akaagiza utaratibu wa zamani uendelee hadi 2023. Mwaka 2022 ikatangazwa asilimia 33, na 2024 ikapandishwa hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50. Kwenye mkutano wetu hakuna aliyebishana na hesabu. Waliuliza nani alitumwa kukubali. Wawakilishi wa chama walirudi na majibu kabla maswali hayajaletwa matawini, na mtu aliyefundisha miaka thelathini alisikia habari ya kiinua mgongo chake redioni. Hoja ya kwamba kiwango kilikuwa cha lazima ili mfuko usitetereke nilikuwa tayari kuisikiliza, tena kwa takwimu. Hatukupewa nafasi ya kuisikiliza. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko asilimia yenyewe.

Nimestaafu na nimerudi Uwemba. Vijana wa nyumbani wanaofundisha vyuoni Iringa na Mbeya hupita kunisalimu wakati wa likizo. Nikishaitikia "Kamwene" yao, mazungumzo hayachukui muda kufika kwenye chama. Wengi wananiambia hawahudhurii kwa sababu viongozi ni walewale. Ninawaambia, na ninakuambia wewe msomaji unayekatwa ada: hati yako ya mshahara inaonyesha kiasi chenyewe. Nenda ofisi ya tawi ukaombe katiba ya chama na hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita. Waombe wakuonyeshe kumbukumbu za mkutano wa mwisho na tarehe ya unaofuata. Ukikosa kimoja, andika barua, ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa, na nenda na mwenzako. Na mkutano ukiitishwa Ijumaa saa nane, nendeni wote.