Filamu za Kila Usiku, Isipokuwa Usiku wa Ijumaa

Mwalimu mstaafu wa Mkunazini ana sharti moja tu katika mambo ya filamu: usiku wa Ijumaa hakitazamwi kitu. Usiku huo husomwa Yasini, kwa kuwa wazee walisema ndio usiku ambao roho za waliotangulia huja kuchungulia majumbani mwao kuona kama wangali wanakumbukwa. Na si adabu, kwa maoni yake, mgeni wa namna hiyo afike akute jamaa zake wameikodolea macho mizuka ya Wamarekani. Siku sita zilizobaki ni halali. Baada ya Isha mjukuu wake, kijana aliyetimiza miaka ishirini, huiweka kompyuta mpakato juu ya cherehani iliyofunikwa kitambaa, huchomeka flashi aliyojaziwa na wenziwe wa Michenzani, na bibi huvaa miwani, hujitanda kanga, husogeza birika la chai ya rangi, kisha husema: "Haya, mume wangu, tutishe."

Mapatano yao ni usiku mmoja filamu ya kutisha, chaguo la kijana, na usiku wa pili filamu ya maisha, chaguo la bibi. Hukumu hutolewa papo hapo, kwa ukali wa mtu aliyesahihisha insha za wanafunzi kwa miaka thelathini na nne, wala hazikatiwi rufaa.

The Conjuring ya James Wan, ya mwaka 2013, ilipata alama ndogo. Familia imehamia nyumba kongwe ya shamba huko Rhode Island, saa zote za ukutani zinasimama saa tisa na dakika saba usiku, mikono inatokea kabatini na kupiga makofi. Kijana alijikunja kama jongoo. Bibi aliendelea kunywa chai. "Huyu haogopeshi," alisema, "huyu anashtua. Hata paka akiangusha sufuria jikoni utashtuka, lakini hutasema paka ni fundi wa hadithi." Ilisadifu kwamba wakati huohuo mlango wa uani ulipigwa na upepo ukabamiza ukuta, na kijana akaruka kutoka kitini. Mlango huo bibi hataki utiwe komeo, licha ya majirani kumwonya mara nyingi juu ya wezi. Kijana aliinuka akaurudishia, kama anavyofanya kila siku, akarejea kukaa.

Tofauti hiyo baina ya kushtua na kuogopesha, Mwalimu hakuipata vitabuni. Aliipata akiwa msichana, katika maonyesho ya wanawake watupu, enzi ambapo Mji Mkongwe ulikuwa na Majestic kule Vuga, Empire pale Darajani na Cine Afrique Malindi, na mabuibui yalijaa ukumbini pamoja na watoto, karanga na vilio. Huko ndiko alikoziona Bees Saal Baad ya mwaka 1962 na Woh Kaun Thi? ya mwaka 1964, Sadhana kavaa sari nyeupe katika mvua ya usiku, amesimama mbele ya gari la daktari. Kwa muda wa wiki nzima hakwenda msalani peke yake. Na hata hivyo, akizikumbuka filamu zile sasa, jambo linalomfurahisha ni kwamba mzuka wa Kihindi wa siku zile takriban kila mara alikuwa mtu. Mahal ya mwaka 1949 iliianza kazi hiyo, na zilizofuata zikaiga: pazia likifunuliwa, nyuma ya mzuka pana binadamu, na nyuma ya binadamu pana mirathi, au kisasi, au mapenzi yasiyo na njia. Watu wakitoka ukumbini hawakuzungumza juu ya mashetani. Walizungumza juu ya ami zao.

Ndiyo maana hakuwa na subira na filamu za mwanzo za kutisha zilizotoka Dar es Salaam, zile za Mussa Banzi, Nsyuka na Shumileta, zilizokodishwa katika kanda mwanzoni mwa miaka ya 2000. Alizitazama, akacheka panapotakiwa kuogopwa, akasema kwamba pembe na meno ya karatasi hayamtishi mtu aliyeupitia mwaka 1995 hapa Unguja. Kauli hiyo haihitaji ufafanuzi kwa msomaji wa visiwani. Mwaka ule habari za Popobawa zilianzia Pemba zikavuka kuja Unguja, na watu wazima wenye kazi zao na heshima zao walilala nje, mabarazani na viwanjani, jamaa kwa jamaa, wakiota moto na kukesha. Mwalimu naye alilala nje pamoja na bintiye, aliyekuwa bado mwanafunzi. Anachokumbuka zaidi si hofu. Anakumbuka jinsi watu waliokuwa hawasemezani kwa miaka walivyolala mkeka mmoja. Hakuna filamu, asema, iliyowahi kuonyesha hilo: katika filamu zote watu wakitishwa hutawanyika, kila mmoja akashika njia yake gizani kama mpumbavu.

Ringu ndiyo iliyowagombanisha. Filamu hiyo ya Hideo Nakata, ya mwaka 1998, ina kanda ya video ambayo aitazamaye hufa baada ya siku saba, na ina Sadako, mwanamke aliyetupwa kisimani, mwenye nywele zilizomfunika uso. Kijana aliipenda kwa ajili ya pale Sadako anapotoka ndani ya televisheni. Bibi naye alikiri kwamba pale moyo ulimwenda mbio, maana mtisho umekuja polepole, kwa miguu, kama mdai. Lakini ugomvi ulikuwa juu ya mwisho. Mama ametambua kwamba aliyeitazama kanda huokoka kwa kuinakili na kumwonyesha mwingine, mwanawe ameshaitazama, basi anatia gari moto kwenda kwa baba yake mzazi, akamtazamishe. Kijana alisema huo ni ukatili usio na mfano. Bibi aliivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Babu yule angeulizwa, angekubali," alisema.

"Lakini hakuulizwa, Bibi."

"Mambo mengine huulizwi."

Hapa hukumu ya Mwalimu inaweza kupingwa, kwani Nakata ameikata filamu yake barabarani, chini ya mawingu meusi, kwa makusudi, ili mtazamaji asijipe faraja ya ridhaa ya mzee yule. Lakini yeye hakuwa akiisahihisha filamu pale.

Kwa upande wa filamu za maisha, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, ilimgawa nafsi. Riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999 ameisoma mara mbili, na Yasmin wa kitabuni anamjua kama mtoto wa jirani. Wa filamuni alimwona amefanywa zaidi mtu wa kutazamwa kuliko mtu wa kusikilizwa. Ila mji, alikubali, umepigwa picha kwa mapenzi, na nusu ya filamu aliipitisha akitaja vichochoro kimoja kimoja na kubishana na mjukuu wake kile ni kipi. Tokyo Story ya Yasujirō Ozu, ya mwaka 1953, haikumgawa hata kidogo. Wazee wawili wanatoka Onomichi kwenda kuwaona watoto wao Tokyo. Watoto wana shughuli. Wazee wanapelekwa Atami wakapumzike, mahali penye makelele usiku kucha. Wanarudi, na mama anakufa. Aliyewafanyia wema ni mkwe wao, mjane wa mtoto wao aliyepotea vitani. Basi, hakuna zaidi. Kijana alilala kabla ya nusu ya filamu. Bibi aliitazama hadi mwisho, na asubuhi akatoa sifa ambayo wahakiki wa filamu wameitafutia maneno marefu: "Yule mpiga picha amekaa mkekani kama sisi. Hamtazami mtu kwa juu."

Under the Shadow ya Babak Anvari, ya mwaka 2016, iko Tehran katika vita vya miaka ya 1980. Mume ni daktari, amepelekwa mstari wa mbele. Mke, Shideh, amezuiwa kurudia masomo ya udaktari kwa sababu ya siasa zake. Kombora limetoboa dari bila ya kuripuka. Na kwa ufa ule, au kwa upepo, majini yameingia, yakaanza kwa kuchukua mwanasesere wa mtoto. Majirani wanahama mmoja mmoja. Mwalimu alilicheka jini lenyewe lilipojitokeza, kwa kuwa limefanywa kama guo kubwa la maua linalopepea ("Shuka la kitanda hilo!"), lakini hakucheka pale Shideh anapokimbilia barabarani usiku wa manane, kichwa wazi, mtoto kifuani, akaokolewa na jini ili akamatwe na askari kwa kutojifunika. Mwanamke hana pa kwenda: ndani pana lile, nje pana hawa, na anarudishwa nyumba ileile. Alama za juu.

Baada ya hiyo zikaja The Others na His House, usiku mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa bibi aliridhia kuacha zamu yake. The Others ya Alejandro Amenábar, ya mwaka 2001, iko kisiwani, Jersey, mwaka 1945. Mama anafunga mapazia mchana kutwa kwa sababu watoto wake hawastahimili mwanga, na anasikia nyumbani mwake nyayo za watu asiowaona. Asiyeijua filamu hiyo asifichuliwe siri yake hapa. Inatosha kusema kwamba Mwalimu aliitambua mapema, akacheka kicheko kirefu, akasema kwamba kisiwani hivyo ndivyo ilivyo, mtu hajui hasa nani mgeni wa nani.

His House ya Remi Weekes, ya mwaka 2020, haikuleta kicheko. Bol na Rial wamekimbia vita vya Sudan Kusini, wamepewa nyumba ya serikali huko Uingereza, chakavu, karatasi za ukutani zinabanduka. Baharini njiani walipoteza mtoto wa kike. Mume anataka wale mezani kwa uma. Mke anataka wakae chini, kwa sababu chakula cha uma kina ladha ya chuma, na Mwalimu alitikisa kichwa kwa kuafiki. Kisha Bol yuko mezani, anakula, na mara kuta zinaondoka. Meza iko katikati ya bahari, usiku, na waliozama wanainuka majini kumwendea.

Kijana alinyoosha mkono akaisimamisha picha.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli iliyokuwa ikienda Pemba ilizama katika mkondo wa Nungwi, na binti yake Mwalimu, mama wa kijana huyu, alikuwamo. Alikuwa akienda Wete, arusini kwa wifi yake. Mtoto, mwenye miaka sita, aliachwa kwa bibi kwa kuwa alikuwa na homa. Mwili haukuonekana. Iliswaliwa sala ya ghaibu, matanga yakakaliwa na kuondolewa, na kaburi la kupalilia hakuna. Kwa miaka yote hiyo hapana aliyeamua kwamba habari ile isizungumzwe, haikuzungumzwa tu. Walizungumza ada za shule, kisukari cha bibi, mpira, umeme, na baadaye filamu, nyingi kati yake zikiwa za watu waliokufa wakarudi, na hakuna aliyemwuliza mwenziwe kwa nini ziwe hizo.

Feni ilizunguka. Baharini mle kwenye kioo wale watu walibaki wamesimama, maji viunoni.

"Bibi," kijana alisema bila ya kugeuka, "ingekuwa ni yeye, ungemfungulia?"

Mwanamke ambaye hajawahi kukosa maoni alikaa kimya kwa muda mrefu. Chai ilikuwa imeshapoa, akaimimina, akaiacha.

"Mlango wa uani sijautia komeo tangu mwaka ule," alisema mwishowe. "Nitamfungulia mara ngapi?"

Kijana aliyekuwa akiurudishia mlango ule kila usiku, na kila usiku akinung'unika kidogo, aliifunga kompyuta. Hawakusema zaidi. Yeye alikwenda kulala, na bibi alisikika akioga maji usiku, jambo asilolifanya.

Kesho yake uliingia usiku wa Ijumaa. Kwa kawaida kijana huutumia usiku huo maskani kwa wenziwe, kwa kuwa nyumbani hakuna filamu. Safari hii hakutoka. Alikaa mkekani, akachukua juzuu iliyo karibu naye, wakasoma pamoja, yeye akikwama pahala pawili na bibi akimsahihisha bila ya kutazama. Mlango wa uani ulibamiza ukuta mara moja. Hapana aliyeinuka.

Jumamosi waliirudia His House palepale ilipokatwa, mezani, baharini, wakaimaliza. Bibi aliisifu kwa kutoificha dhambi ya Bol, akailaumu kwa kumfanya yule mchawi wa kuvunja hesabu kuwa na sura inayoonekana mno, kosa lilelile la shuka la Tehran. Mwisho, hata hivyo, aliupa alama zote: wenye nyumba wamesimama wakitazama mbele, na wafu wao wamejaa chumbani nyuma yao, kimya, hawana ubaya.

"Ila nyumba yenyewe ndogo ile," alisema akivua miwani. "Watakaa wapi wote wale?"

"Watabanana, Bibi," kijana alisema, akaenda kuosha birika.