Udongo Mweusi wa Mlima Kenya: Karimu kwa Maji, Bahili kwa Mizizi

Wahenga walinena kuwa vyaelea vimeundwa. Aghalabu methali hii hutajwa pale panapozungumziwa vyombo vya baharini au mafanikio ya watu, ila inaweza kupandishwa hadi kwenye miteremko ya Mlima Kenya bila kupoteza chembe ya ukweli wake. Mto Tana, ambao huzungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, hupata sehemu kubwa ya maji yake katika mlima huo na katika safu ya Nyandarua. Wengi huamini kwamba maji hayo hutokana na theluji ya kileleni. Imani hii inapendeza, lakini haina mashiko. Barafu iliyosalia huko juu ni haba mno, na mchango wake katika mto huo ni kama tone katika mtungi. Nyandarua nayo haina barafu kamwe. Kinachoyapokea maji ya mvua, kikayaweka na kuyaachilia polepole hata wakati wa kiangazi, ni udongo mweusi uliolala chini ya msitu.

Udongo huo ni mtoto wa moto. Mlima Kenya, ambao leo una urefu wa mita 5,199, ni volkano iliyozimika. Ulikuwa ukilipuka takriban miaka milioni 3 iliyopita. Haukutema zaha pekee, yaani mawe yaliyoyeyuka, bali pia majivu. Msomaji asidhani kuwa haya ni majivu kama ya jikoni. Majivu ya volkano ni vipande vidogo sana vya mwamba na kioo. Kioo kwa sababu mada hiyo ilipopoa ghafla hewani haikupata wasaa wa kujipanga ikawa fuwele. Kitu kisichopangika vyema hubomoka upesi. Mvua inapokichakaza kioo hicho, alumini na silika huachiliwa na kuungana tena kwa haraka, na kiumbwacho ni madini yaitwayo alofani: vitufe vyenye uwazi ndani, ambavyo kipenyo cha kimoja ni takriban sehemu 5 za milioni ya milimita. Kwa kuwa vitufe hivyo ni vidogo na vitupu, gramu moja tu ya alofani huwa na uso wa mamia ya mita za mraba, ukubwa unaoweza kuishinda sakafu ya ukumbi wa mihadhara. Katika uso huo mpana ndimo ilimo siri yote ya udongo huu, njema na mbaya.

Alofani haidumu kila mahali. Joto na muda huigeuza ikawa mfinyanzi wa aina nyingine. Ndiyo maana mtu anayepanda kutoka mashamba ya kahawa kuelekea ya chai, na hatimaye kuingia msituni kwenye miti ya kafuri na mianzi, huona ardhi ikibadilika rangi kutoka wekundu hadi weusi. Mlima ni uleule. Kilichobadilika ni baridi na unyevu, ambavyo huchelewesha kuoza kwa majani na kuiruhusu mboji kurundikana.

Wataalamu huuita udongo huu andosoli, na jina hili linastahili kuwasimamisha kidogo wanafunzi wa lugha. Halikutoka katika Kilatini wala Kigiriki, bali katika Kijapani: *an* ni giza au weusi, na *do* ni udongo. Wachunguzi wa udongo wa Kimarekani waliokuwa wakifanya kazi nchini Japani ndio walioliingiza katika sayansi mwaka wa 1947. Wakulima wa Japani wenyewe wana jina lao, *kuroboku*. *Kuro* ni nyeusi, na *boku* huelezwa kuwa tanakali ya jinsi ardhi hiyo laini inavyohisika inapokanyagwa. Je, Kiswahili hakina utaratibu kama huo? Kinao. Neno tifutifu lina mlio wa namna hiyohiyo, nalo limeundwa kwa takriri inayomfanya msemaji auhisi udongo kinywani kabla ya kuushika mkononi. Kichanga hutokana na mchanga, na mfinyanzi hubeba ndani yake kitenzi cha kufinyanga. Tatizo ni kwamba udongo wa majivu huyakataa majina yote matatu. Ukiwa mkavu kiasi, ni tifutifu. Ukifinywa kwa nguvu baina ya vidole ukiwa na unyevu, huteleza ghafla kama sabuni na kutoa maji ambayo hayakuonekana awali, kisha ukiachwa hukaza tena. Ajaribuye kuufinyanga chungu atajuta. Waundaji wa istilahi watakapoutafutia jina la Kiswahili, huenda wakafaidika zaidi kwa kuusugua vidoleni kuliko kwa kufungua kamusi.

Mojawapo ya vigezo vya kuutambua ni wepesi wake. Sentimita moja ya ujazo ya udongo huu, ukishakauka, haizidi gramu 0.9, ilhali udongo wa kawaida wa shambani hukaribia gramu 1.3. Wepesi huo ni dalili ya matundu mengi. Matundu makubwa huimeza mvua kabla haijatiririka juu ya ardhi, na yale madogo huyashikilia maji kama sifongo. Upo udongo wa jamii hii katika sehemu zenye mvua nyingi ambao huweza kubeba maji yenye uzito sawa na wake wenyewe. Huu ndio ukarimu ambao mkazi wa Nairobi huuonja afunguapo bomba, kwa maana bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka wa 1994 na ambalo hulipatia jiji hilo sehemu kubwa ya maji yake, hujazwa na mito iteremkayo kutoka Nyandarua.

Hata hivyo, uso uleule unaoshika maji hushika na vitu vingine. Fosforasi, ambayo mmea hauwezi kukuza mizizi wala kuzaa bila hiyo, hunaswa na alumini na chuma kilichomo. Kigezo kingine kinachotumiwa maabarani ni kwamba udongo huu hunasa asilimia 85 au zaidi ya fosfeti inayotiwa ndani yake. Mkulima wa viazi anayenunua mfuko wa DAP kwa bei ya kutoa jasho, kisha akainyunyiza shambani kote, huwa ameilisha alofani kwanza. Viazi hula makombo. Mkulima huyo si mvivu wala si mjinga; amehadaiwa na rangi. Tangu zamani, weusi wa ardhi umekuwa ishara ya rutuba. Katika udongo huu, weusi ni ishara ya mboji nyingi ambayo nayo imefungiwa, kwa sababu alumini huishikilia na kuikinga dhidi ya vijidudu viozeshavyo.

Msitu hustawije basi juu ya bahili kama huyo? Jibu ni kwamba msitu hautegemei sana ghala lililofungwa. Majani huanguka, huoza juujuu, na mizizi pamoja na kuvu zake huidaka fosforasi kabla haijazama. Ni biashara ya mkono kwa mkono. Miti ikiondolewa, biashara hiyo hukatika, na kinachobaki ni ghala lisilo na ufunguo.

Hayo si mambo ya kudhaniwa. Mwaka wa 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilifanya uchunguzi kwa ndege juu ya misitu ya Mlima Kenya, miaka miwili tu baada ya mlima huo kuorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Kilichoonekana ni miti ya kafuri iliyoangushwa, tanuri za makaa na mashamba ya bangi katikati ya msitu. Mjadala uliofuata ulihusu miti, na ni sawa, kwani mti uliokatwa huonekana hata kutoka angani. Udongo haukuwa na msemaji.

Na jambo linalotisha zaidi liko hapo. Chini ya kivuli, udongo huu hukaribia kuwa na unyevu mwaka mzima, na chembe zake hushikamana kiasi kwamba mvua kubwa haiumomonyoi kwa urahisi hata penye mteremko mkali. Ukianikwa juani mpaka ukauke kabisa, vitufe na matundu yake hujikunyata, na chembe hugeuka vumbi gumu lenye punje kama za mchanga. Mvua irudipo, punje hizo hazilowi tena kama zamani. Kwa kuwa ni nyepesi, huchukuliwa na maji, zikaenda kujaza mabwawa yaleyale yaliyotarajia maji safi. Mche unaweza kupandwa upya mahali hapo, ukamwagiliwa, ukakua. Lakini mvua inayouangukia huwa inaangukia udongo ambao uwezo wake wa kushika maji umekwisha kupungua, na hauregei kwa kunyweshwa.