King'amuzi changu, ufunguo wao

Ukipita Lizaboni hapa Songea jioni, inua macho uangalie mapaa. Madishi yameota kama uyoga wa masika. Ingia ndani sasa: chini ya runinga utakuta king'amuzi kinachowaka, na pembeni yake kingine kimefunikwa kitambaa. Hicho cha pili hakijaungua. Mwenyewe alihamia kampuni nyingine, basi, kimekuwa pambo.

Swali langu leo ni dogo: kitu ulichonunua kwa fedha yako ni cha nani?

Tanzania ilianza kuzima analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, mapema kuliko 17 Juni 2015, siku iliyowekwa na makubaliano ya Geneva ya 2006. Tuliahidiwa picha safi, na kweli imekuja. Ila jamani, antena ya zamani haikukuuliza kama umelipa. Ulinasa kilichokuwa hewani. King'amuzi kinauliza.

Dijitali yenyewe haina kosa. DVB-T2, mfumo ambao nchi za SADC ziliukubali, uko wazi, maelezo yake yamechapishwa. Kufuli limewekwa juu yake: matangazo yanafungwa kwa msimbo, na ufunguo anao mwenye kampuni. Mwaka 2018 chaneli za ndani za bure ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya DStv, Azam na Zuku, baada ya TCRA kusema leseni zao haziwaruhusu kuzibeba. Tuwaachie wanasheria nani alikuwa na haki. Mimi namwangalia yule aliyekaa sebuleni na rimoti mkononi: hakuwa na kitufe cha kubonyeza.

Kuna njia nyingine. Kodi ni programu huria ya kuchezea video na muziki. Ilianza kama XBMC, ikitengenezwa kwa ajili ya Xbox ya Microsoft, ikapewa jina la Kodi mwaka 2014. Chukua Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyotoka 2012, weka LibreELEC ambayo ndani yake kuna Kodi, chomeka waya wa HDMI kwenye runinga. Video ya harusi ya dada, nyimbo zako, picha za ukoo, vyote vinacheza hata intaneti ikikatika. Ukiongeza kipokezi cha DVB-T2, unanasa pia chaneli ambazo hazijafungwa. Kifurushi hakiishi, maana hakuna kifurushi.

Tusidanganyane lakini. Kodi haiji na ligi ya Uingereza ndani yake. Anayekuuzia boksi "lililochakachuliwa" lenye kila mechi anakuuzia wizi. Haki ya mpira inalipiwa, na huria si sawa na bure.

Tena neno Linux lisikulewe. TiVo ya Marekani ilitumia Linux, lakini ukibadilisha programu yake, boksi linakataa kuiendesha. Ugomvi huo ulichangia leseni ya GPL toleo la 3, mwaka 2007, kuwekewa kipengele cha kuzuia mchezo huo. Kumbe programu inaweza kuwa huria na boksi likabaki gereza.

Kwa nini haya yatuhusu sisi wa Ruvuma? Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumpigia mtu magoti, kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Sasa mtazame fundi wa mtaani anayefufua redio kwa bisibisi na lehemu. Mpe king'amuzi: atabadilisha kifaa cha umeme, basi. Akili ya boksi imefungwa asiiguse. Tunabaki taifa la wanunuzi wakati mafundi tunao.

Sipingi kampuni kudai ada ya mechi na filamu zao. Nadai kitu kimoja: king'amuzi kilicholipiwa, hata mkataba ukiisha, kiendelee kuonyesha chaneli za bure zinazofika hapo kilipo, na mwenyewe akitaka kuweka programu nyingine asizuiwe. Ukinunua baiskeli, muuzaji haji usiku kufunga minyororo kwa sababu umeacha kununua kwake matairi.

Naomba kutoa hoja.