Mbuzi Hakuwepo

Mbuzi hakuwepo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililolificha kwa miaka 6, na kuna mzee mmoja pembezoni mwa Singida aliyelipa shilingi 60,000 kwa ajili ya mbuzi huyo.

Siku ile nilimpakia mdogo wangu wa mwisho, binti wa miaka 14, kwenye pikipiki yangu, nikimrudisha shule ya bweni. Helmeti, au elementi kama tunavyoiita kijiweni, ilikuwa moja, nayo ilining'inia kwenye kiwiko changu cha kushoto, mahali pake pa kila siku. Ningeivaa nikimwona trafiki. Sikuwahi kuiona kama kitu cha kichwa. Kwangu ilikuwa kitu cha kuonyesha polisi, sawa na leseni. Miguuni nilivaa malapa.

Pale panapoanzia barabara ya vumbi kuna kona yenye mchanga uliomwagika juu ya lami. Niliijua vizuri. Niliingia hapo kwa kilomita kama 50 kwa saa kwa sababu binti alisema tumechelewa. Hapana, huyu naye asije akawa mbuzi wa pili. Binti hakusema kitu. Nilipenda tu kuikata kona ile.

Nikakanyaga breki ya mguu mpaka mwisho. Tairi la nyuma likajifunga, likateleza, pikipiki ikalala. Breki ya mkono sikuigusa, maana aliyenifundisha jioni moja uwanjani aliniambia kwamba ya mbele inarusha. Mimi nilichubuka kisigino. Mdogo wangu alishonwa nyuzi 9 juu ya sikio, akaunguzwa mguu na bomba la moshi, na mpaka usiku alikuwa akituuliza leo ni siku gani. Helmeti iliokotwa mtaroni, haina hata mkwaruzo.

Watu walipojaa nikasema mbuzi mweusi alikatiza. Jirani na pale palikuwa na kundi likichunga, na mzee mwenye nalo hakubisha, akalipa zile 60,000. Mbuzi kukatiza barabara ni jambo la kawaida, nani atabisha?

Miaka miwili baadaye ndipo nilipoingia darasa la udereva, nikiwa tayari nimebeba abiria miaka minne. Mwalimu alitupanga mstari uwanjani, akatufundisha kuminya breki ya mbele taratibu, pikipiki ikiwa wima na imenyooka, mwendo uishe kabla ya kona, si ndani yake. Ukifunga breki, alisema, uzito mwingi unahamia mbele. Ya nyuma peke yake haikusimamishi upesi. Akatukumbusha kwamba kwa kilomita 50 kwa saa unakula karibu mita 14 kila sekunde. Kisha akakamata helmeti ya kila mmoja wetu na kuitikisa: isiyofungwa kamba kidevuni ilibaki mkononi mwake. Povu gumu lililomo ndani, alisema, hufanya kazi mara moja tu. Iliyokwisha kupata kishindo cha ajali ni ya kutupa. Nilisikiliza nikiwa nimeinamisha kichwa, nikiiona kona yangu.

Sasa ninatembea na helmeti 2, glovu na buti. Wenye misuko wananikataa, wengine wanasema ya abiria inanuka, kwa hiyo nimeweka vitambaa safi vya kuvaa ndani. Wapo wanaopanda kwa jirani yangu. Sawa.

Mdogo wangu alikuwa akichungulia mbele juu ya bega langu siku ile. Aliona kila kitu, na hajawahi kuniuliza.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa yule mzee na 60,000 kwenye bahasha. Nikamwamkia, nikakaa, nikasema yote. Alinisikiliza, akazihesabu noti polepole, akazipanga gotini.

“Nilimuuza yule mweusi nipate hizi,” akasema. “Alikuwa na mimba.”